Ekseli ya nyuma ya Land Rover ya Babu

Januari 4

Hafushafti ya kushoto, ule mtaimbo unaotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu, imekatika tena. Ni mara ya tatu tangu gari iingie mikononi mwangu, na imekatika palepale pa siku zote: ndani, karibu na difu (zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), pale meno kumi yanapoishia. Tulikuwa tunapanda kutoka bonde la mpunga kuelekea barabara kuu ya Mtambwe, hapa Pemba, nyuma tumepakia gunia kumi na mbili za karafuu kavu. Nikasikia mlio mmoja mkavu, kama mtu anavunja muwa, kisha injini ikapiga kelele na gari ikasimama. Halafu ikaanza kurudi nyuma.

Nilivuta hanibreki, haikushika. Nilikanyaga breki ya mguu, ikashika, na mpwa wangu akaruka chini kuweka jiwe nyuma ya tairi. Wenye magari haya nawaomba walijue jambo hili kabla halijawakuta. Hanibreki ya Land Rover za zamani haishiki magurudumu. Inashika dramu iliyo nyuma ya giaboksi, pale propela ya nyuma, lile bomba linalopeleka nguvu kwenye difu, inapoanzia. Kwa hiyo hafushafti moja ikikatika, propela inashikwa barabara, lakini difu inazunguka bure upande uliokatika na gari inakwenda zake kama haina breki kabisa. Mlimani una breki ya mguu na jiwe, basi.

Tulishusha gunia sita, nikavuta nyuma gia yenye kirungu chekundu, magurudumu ya mbele yakachukua kazi, tukapanda. Gunia zilizobaki tulizirudia kabla ya magharibi. Gari ya miaka hiyo ikivunjika mgongo bado inakufikisha nyumbani, na ndiyo maana siiuzi.

Januari 6

Nimekaa na Ami chini ya mwembe kupanga. Ami ni mdogo wake marehemu baba, alifanya kazi ya ufundi Wete maisha yake yote, na gari hii anaijua tangu Babu alipoileta kutoka Tanga mwaka 1979 ikiwa tayari imetumika. Ni Series IIA ya mwaka 1967, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Imebeba karafuu, nazi, mbao, maiti na maharusi. Haijawahi kuoshwa kwa ajili ya kupigwa picha.

Nilimwambia nimepata hafushafti iliyotumika Chake Chake. Akaniuliza, "Utaifungua mara ngapi hii, mwanangu? Tafuta Salisbury."

Maana yake ni hii. Ekseli ya asili ya gari yetu ni ya Rover wenyewe. Kwa gari fupi na mzigo mdogo haina tatizo. Lakini hafushafti yake ndani ina meno kumi tu, na kila mzigo wa mlimani unaishia kwenye shingo ile nyembamba. Series III ndefu za miaka ya 1970 zilikuja na ekseli ya nyuma ya Salisbury: kasha kubwa kama chungu cha pilau, hafushafti nene, meno 24. Na jambo lililo kubwa kuliko yote, difu yake ni ya 4.7, yaani propela inazunguka mara 4.7 magurudumu yakizunguka mara moja, sawasawa na ekseli yetu ya mbele.

Kijana mmoja alinitafutia difu ya Range Rover, ya 3.54. Bei ilikuwa nzuri, na ni kweli kwamba barabarani gari ingekuwa nyepesi zaidi. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Giaboksi hizi hazina difu ya katikati. Ukiweka 3.54 nyuma na 4.7 mbele, siku utakayoingiza magurudumu manne, ekseli moja inataka kwenda mwendo wake na nyengine mwendo wake, na kitakachovunjika hapo hakitakuwa hafushafti ya bei rahisi.

Januari 19, Tanga

Ekseli nimeipata kwenye gereji moja, imetoka kwenye Series III iliyokufa injini. Ilikuwa imelala kwenye majani, ngoma za breki zimeshika kutu, bomba la breki limening'inia. Muuzaji aliniapia kuwa ni ya 4.7. Sikumtilia shaka, ila difu haisemi kwa mdomo. Tulipiga chaki kwenye flanji, pale propela inapofungwa kwenye difu, mtu mmoja akashika gurudumu la kushoto na mwengine la kulia, wakazungusha pamoja mzunguko mmoja kamili, mimi nikahesabu flanji. Ilizunguka mara nne na karibu robo tatu. Tukarudia mara tatu, jibu lilelile.

Ukiwa peke yako na gurudumu moja umelifunga, zungusha lile jengine mara mbili, hesabu itakuwa hiyohiyo. Wengi huzungusha gurudumu moja mara moja tu, wakapata nusu, wakadhani wameuziwa difu ya ajabu.

Laki nane na nusu, bila propela. Propela yake ilikwisha uzwa zamani. Sikulitilia maanani jambo hilo siku ile, na ndilo lililokuja kunila wiki mbili.

Januari 22

Imefika Wete kwa jahazi. Watu wanne kuishusha, na wa tano akisoma dua. Pikapu ikatufikisha mwisho wa lami, kutoka hapo gari ya ng'ombe mpaka uani. Bibi alitoka kuangalia, akauliza mbona kitu chenyewe kimechakaa kuliko kile tunachokitoa. Nilimwambia nje ndiyo kumechakaa. Akasema, "Haya, tutaona ndani."

Januari 24

Ndani. Salisbury ina kifuniko nyuma kilichofungwa kwa bolti kumi, ukikitoa unaona difu yote bila kubomoa kitu. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, nzito, na haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ndiyo niliyokuwa naiogopa, kwa sababu ni alama ya maji. Chini ya kasha nilipitisha sumaku: unga mwembamba wa chuma, hakuna kipande. Meno yaliyokuwa yamezama ndani ya oili yanang'aa. Yale yaliyokuwa juu, hewani, yamepata kutu ya juujuu, ya rangi ya chungwa. Nilisugua kwa dizeli na kitambaa, kutu ikaondoka na chini yake hapakuwa na mashimo. Ingekuwa na mashimo ningeirudisha Tanga kwa jahazi lilelile.

Mpwa wangu alitaka tuitoe difu yote tubadilishe beringi. Nilimkatalia. Kasha la Salisbury linabana difu kwa nguvu, na kitabu cha mafundi kinataka kifaa maalumu cha kutanua kasha kidogo kabla ya kuitoa. Watu huitoa kwa mitaimbo, naijua mifano miwili hapa Pemba, na zote mbili zilirudi zikivuma. Beringi ambayo haina mchezo wala mlio haina kosa la kufunguliwa. Tulichobadilisha ni sili ya mbele ya difu, sili za habu, na beringi za habu pande zote mbili kwa sababu za kulia zilikuwa na madoa.

Kitundu cha kupumulia juu ya ekseli kilikuwa kimezibwa kabisa kwa udongo wa nyigu. Ni kitu kidogo kama kifundo cha kidole. Lakini ekseli ikipata moto, hewa ya ndani inatafuta njia, na ikikosa pale juu inasukuma oili kupitia sili, oili inaingia kwenye breki. Huenda sili zile zilikufa kwa sababu ya nyigu.

Februari 1

Siku ya kazi kubwa. Niliwaambia vijana waje baada ya alfajiri, na tangu siku tatu nyuma nilikuwa namwagia nati zote mchanganyiko wa oili na dizeli asubuhi na jioni.

Kabla ya kugusa spana tuliweka magogo mbele na nyuma ya tairi za mbele. Propela ya nyuma ikishatoka hanibreki haishiki tena magurudumu ya nyuma hata kidogo. Gari ya jirani yetu mmoja ilishuka kutoka kwenye jeki kwa kosa hilo na mwenyewe alikuwa chini yake. Alipona, alhamdulillahi, ila mkono haujarudi kama ulivyokuwa. Tukanyanyua chasisi kwa jeki mbili, tukaiweka juu ya vipande vya gogo la mwembe vilivyokatwa sawa, tukaitikisa kwa nguvu watu watatu kabla mtu yeyote hajaingia chini.

Yubolti za zamani, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi, hazikufunguka hata moja. Tulizikata kwa grenda. Hasara haipo, maana yubolti ikishavutika haifai kurudishwa, na mpya nilikwisha zichongesha kwa kipimo cha ekseli hii. Tukafungua paipu ya breki, shokapu, shakili za nyuma za springi. Springi zikashuka, ekseli ya zamani ikatoka kwa nyuma, kipande cha hafushafti kikiwa bado tumboni mwake. Saa nne asubuhi ilikuwa imelala chini ya mwembe.

Salisbury tuliining'iniza kwa winchi ya mnyororo kwenye tawi, tukaiingiza taratibu. Hapa kuna jambo moja la kushika: kila springi katikati ina bolti yenye kichwa cha mviringo, na kichwa hicho lazima kiingie kwenye tundu lake la ekseli. Kikikaa pembeni ya tundu utakaza yubolti, utaona zimekaza vizuri, na gari itakwenda upande kama kaa. Ami alilala kwenye jamvi na tochi, akapitisha kidole pande zote mbili, akasema "Sawa." Hapo ndipo tulipokaza, kwa zamu, nati hii kidogo na ile kidogo.

Kwa adhana ya laasiri gari ilikuwa imesimama juu ya ekseli mpya. Nilidhani kazi imekwisha.

Februari 2

Haijakwisha. Pua ya Salisbury ni ndefu kuliko ya Rover, kwa hiyo propela ya zamani imezidi urefu. Hilo nilikuwa nalijua. Nilipima nafasi, nikaandika, nikaichukua propela mpaka Chake Chake kwa fundi wa mashine ya kukereza.

Februari 7

Propela imerudi, imekatwa na kuchomelewa vizuri, imenyooka. Nimeifunga chini ya gari iliyonyanyuliwa, ikaingia kama iliyozaliwa pale. Nikashusha gari kwenye magurudumu, nikaisukuma uani na kurudi, kisha nikaingia chini kutazama, nikaona jambo lililonikosesha usingizi. Ile sehemu ya propela inayoteleza, meno ndani ya meno, ilikuwa imeingia mpaka mwisho. Haikuwa na nafasi ya kuteleza hata unene wa ukucha.

Kosa ni langu mwenyewe. Nilipima wakati chasisi iko juu ya magogo na ekseli inaning'inia. Ekseli ikining'inia, springi zimelegea, na umbali kutoka giaboksi mpaka difu si ule wa gari iliyosimama kwa uzito wake. Shimo la kwanza barabarani springi zingebanwa, propela ingekosa pa kwenda, na ingesukuma giaboksi mbele na difu nyuma kwa nguvu zote za gari na mzigo. Ningekuwa nimeondoa hafushafti dhaifu ili nivunje giaboksi.

Nimepima upya. Gari ardhini, magurudumu yote yamefungwa, mawe na gunia za mchanga nyuma kwa uzito wa mzigo wa kawaida, kisha bila mzigo. Nikachukua kipimo ambacho kwa gari tupu sehemu ya kuteleza inakaa karibu na katikati. Vipimo vyote viwili nimeviandika kwa rangi nyeupe kwenye chasisi, ili atakayekuja baada yangu asirudie.

Februari 14

Nimerudi Chake Chake. Fundi wa mashine aliniuliza, "Shekhe, ulipima ikiwa imesimama au inaning'inia?" Nilimwambia ukweli. Hakucheka. Alisema kila mwaka anakata propela mbili kwa sababu hiyo, na akanitoza nusu.

Kukata na kuchomelea ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye mambo mawili. La kwanza, bomba lizunguke bila kutupa upande, naye alilizungusha kwenye mashine na kulinyoosha kwa moto na maji mpaka sindano ya kipimo ikatulia. La pili, zile uma mbili zinazoshika krosi, yaani viungo vya propela vya mbele na nyuma, ziwe kwenye mstari mmoja. Zikiwa sawa, krosi moja ikiharakisha nyengine inachelewesha na zinafutana; zikipishana hazifutani, na gari nzima inatetemeka. Alinipa pia krosi mbili mpya. Zile za zamani zilikuwa na vichwa vilivyochimbika kama meno ya mzee.

Februari 20

Breki. Hili nalo limechukua muda kuliko ekseli yenyewe. Dramu za inchi 11 zilikuwa nzima, tukazikereza kidogo tu kuondoa ukingo. Silinda za magurudumu zilikuwa zimekufa kwa kutu na nimeweka mpya. Shida ilikuwa kwenye paipu. Nati za paipu za ekseli hii ni za milimita, na za chasisi yetu ni za inchi. Ukizitazama kwa jicho zinafanana. Zinaingia mzunguko mmoja au mmoja na nusu, halafu zinakaza, na mtu asiyejua atazilazimisha, zitashika, hazitavuja siku hiyo. Siku nyengine, mlimani, zitachomoka.

Sikutafuta njia ya mkato. Nilinunua paipu mpya ya shaba, nikaikata vipande viwili kutoka kwenye T ya katikati mpaka kila gurudumu, nikaazima kifaa cha kupanua midomo ya paipu, na kila upande nikaweka nati ya uzi wake. Midomo mitatu ya kwanza ilipasuka. Wa nne ukakaa. Kutoa upepo tulianza gurudumu lililo mbali zaidi na mastasilinda, mpwa wangu anakanyaga na kushikilia, mimi nafungua na kufunga, mpaka vipovu vikaisha na pedali ikawa ngumu kama kukanyaga ngazi.

Oili ya difu, EP90, lita mbili na nusu. Rover ilikuwa inachukua lita moja na robo tatu hivi. Anayebadilisha akajaza kwa mazoea ya zamani ataacha Salisbury na kiu. Usihesabu chupa, jaza mpaka oili ianze kutoka kwenye tundu la kujazia.

Februari 27

Safari ya kwanza mpaka Wete. Kimya chini, difu haivumi ukikanyaga wala ukiachia. Lakini kwenye kilomita hamsini kwa saa sakafu ikaanza kutetemeka. Nikapunguza, ikatulia. Nikapandisha, ikarudi.

Nilimlaumu fundi wa mashine moyoni njia nzima, na ninaandika hapa ili niombe radhi. Nilipofika uani nikaingia chini. Uma hazikuwa kwenye mstari mmoja. Yeye alizipanga vizuri. Mimi, nilipokuwa nafunga, nilichomoa sehemu ya kuteleza ili nipake grisi, nikairudisha imepishana jino moja. Nimeichomoa tena, nimeipanga, nimepiga mstari wa rangi unaovuka sehemu zote mbili. Jioni nilikwenda Wete mara ya pili, na kikombe cha kahawa nilichokiweka juu ya sakafu hakikumwagika.

Machi 8

Msimu wa karafuu umekwisha, kwa hiyo mzigo wa majaribio ulikuwa nazi, na juu yake gunia nne za mchanga ili uzito ufike ule wa Januari. Nilikwenda bonde lilelile la mpunga. Ami alikaa mbele, Bibi akakataa kubaki nyumbani, akakaa katikati yetu.

Tulipanda kwa gia ya pili, magurudumu ya nyuma peke yake, sikuingiza manne. Pale ilipokatika mara ya mwisho nilisimama makusudi. Nikavuta hanibreki, nikaachia breki ya mguu polepole. Gari ilikaa. Mpwa wangu alikuwa ameshika jiwe lilelile, amejikunja tayari nyuma ya tairi. Ami akachungulia dirishani, akamwambia, "Litupe hilo." Akalitupa bondeni. Nikaondoa gari kwa klachi laini, ikapanda mpaka juu bila kusita. Bibi hakusema kitu, ila alipiga dashibodi kwa kiganja mara mbili, kama anavyompiga ng'ombe mgongoni akimaliza kulima.

Machi 22

Nimekaza yubolti baada ya wiki mbili za kazi. Zilikuwa zimelegea karibu robo mzunguko kila moja, jambo la kawaida kwa yubolti mpya, na nitazirudia tena mwezi ujao. Sili ya difu ina jasho kidogo, haidondoshi. Habu hazipati moto. Kasha la Salisbury linaning'inia chini zaidi kuliko lile la Rover, kwa hiyo kwenye njia ya shamba sasa napitisha tairi moja juu ya kile kinundu cha katikati, ili kasha lisikigonge.

Ekseli ya zamani nimeivunja leo. Kipande cha hafushafti kimetoka, meno yake yamejinyonga kama kamba. Difu yenyewe ni nzima, na difu hiyo inaingia bila marekebisho kwenye ekseli yetu ya mbele. Nimeiosha, nimeipaka grisi, nimeifunga kwenye gunia la karafuu na kuiweka juu ya kabati la Babu. Kazi inayofuata ni bushi za springi za mbele.